Swali Aliloulizwa Barasa

Nilivuta funda la kwanza mbele ya wageni, nikafuta mdomo, nikamkabidhi Mzee Makokha mrija. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mwanamke aliyepika pombe anaonja yeye kwanza, na si kulamba ncha ya kidole. Anavuta kweli kweli, mpaka watu waone koo lake likipanda na kushuka, ndipo mgeni ajue hakuna kitu kibaya ndani ya chungu. Ilikuwa siku ya mahari ya binti yangu Nafula, mwezi wa Desemba, mahindi yameshaingia ghalani, kwenye shamba letu dogo huku Rongai. Watu wa upande wa kijana walikuwa wametoka Elburgon na lori la mbao, wamevaa makoti yao ya kanisani na vumbi la mbao bado liko kwenye kola. Makokha ndiye baba ya kijana. Alikuwa amekaa mbele ya chungu, anatabasamu.

Busaa, pombe yetu ya unga wa mahindi na kimea, ilikuwa nzuri. Hilo siwezi kudanganywa na mtu yeyote. Nimepika busaa tangu nikiwa msichana.

Makokha hajainamisha kichwa bado, uso wangu ukawaka. Joto lilianza kifuani likapanda shingoni kama mtu ananimwagia maji ya moto kutoka ndani. Moyo ukapiga mbio, masikio yakaziba. Nikashika nguzo ya nyumba. Nikasema nitaenda pembeni, lakini sikufika pembeni. Nilitapika pale pale mbele ya chungu, na mengine yakaruka mpaka kwenye viatu vya Makokha. Nikaanguka kwa magoti. Na kwa sababu tumbo langu lilikuwa na tundu, ambalo nitalieleza, kule kujikaza kwa kutapika kulisukuma uchafu ukatoka na huko pia, ukalowesha nguo mpya ambayo Nafula alinishonea kwa siku hiyo.

Makokha aliulaza mrija chini. Aliulaza polepole, kama mtu anaweka nyoka.

“Mama Nafula,” akasema, “umetuwekea nini humu?”

Mwanamke mmoja wa kwao akajibu badala yangu: “Kitu alichoweka kimemshika mwenyewe. Amekosea upande wa chungu.”

“Nyamaza wewe,” Makokha akamwambia.

“Ninyamaze? Ungekuwa wewe sasa hivi umelala hapo, mzee!”

Wakasimama wote. Mume wangu Barasa alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Alikuwa na neno moja la kusema siku ile, neno dogo tu, na hao watu wangekaa chini tena, wangenipa maji, labda wangecheka. Hakulisema. Alisimama na jagi lake mpaka lori likawashwa. Nafula alikuwa jikoni na kuku wameshaiva, anasikia yote.

Nimeandika hayo mwanzo kwa sababu mtu akisoma habari ya ugonjwa anatarajia mabaya kuliko yote ni kisu. Kisu nimekiona mara mbili. Siku ile ilikuwa mbaya kuliko kisu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo usitafute hapa majina ya magonjwa. Nitakuambia nilichokiona na nilichokisikia katika mwili wangu.

Damu ilianza mwaka wa tatu baada ya uhuru. Tulikuwa tunakaa Nakuru, kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na Rongai tukienda kulima tu, kwa maana Barasa ni mtu wa reli, kama baba yake. Mimi nilikuwa napika nyuma ya nyumba, nauza kwa wanaume wakitoka zamu. Polisi wakija, pipa liko chini ya ardhi na juu yake kuna kuku wanakula. Watoto walisoma kwa pombe hiyo. Barasa alikuwa mwimbaji kanisani na hakupenda itajwe. Alikula chakula chake bila kuuliza kilitoka wapi.

Nikawa nakwenda chooni na kutoka damu na makamasi. Hospitalini walisema ni kuhara damu, wakanipa dawa ya kuhara damu. Ikapoa, ikarudi. Wakanipa tena. Mvua ndefu zikaja zikaisha, kiangazi kikaja na ule upepo wa vumbi jeupe la ziwa unaokausha midomo, mimi bado niko kwenye benchi ile ile. Nilijifunza kukaa mwisho wa benchi karibu na mlango, miguu imeelekea nje, tayari. Ukikimbia chooni foleni inakupita, ukirudi unaanza upya. Kulikuwa na mama mmoja wa Kikopey, mwenye kuuza mifupa ya supu, naye anangoja mambo yake ya kifua. Nikikimbia, anaweka kikapu chake mahali pangu.

“Hapa kuna mtu,” anawaambia.

“Yuko wapi huyo mtu?”

“Ameenda kutengeneza nafasi ya dawa.”

Watu wanacheka, na nafasi yangu inabaki. Mama yule simjui jina lake la kubatizwa mpaka leo. Mungu amuwekee.

Nilikonda mpaka pete ikaanguka kwenye unga. Miaka ikapita hivyo. Mwishowe nilianguka kabisa, nikapelekwa Nairobi kwa gari la moshi, kwa pasi ya reli ya Barasa, nimelazwa kwenye kiti kwa blanketi. Huko ndiko nilikokutana na Daktari Lomax.

Lomax alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono safi sana. Alisimama miguuni pa kitanda changu, akasema na Barasa kwa Kiingereza. Barasa anakijua Kiingereza, alifundishwa relini. Walisema sana. Barasa akaitikia, akauliza, akaitikia. Mimi nilikuwa nimelala katikati yao kama mzigo ambao watu wawili wanajadiliana wataupitishia mlango gani.

“Amesema nini?” nikauliza Lomax alipoondoka.

“Amesema utapona.”

“Maneno yote yale ni utapona?”

“Selina, usianze.”

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba siku ile kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutoa utumbo mpana wote, kisha ncha ya utumbo mwembamba ivutwe nje ya tumbo na uvae mfuko wa mpira juu yake siku zote. Ni njia ya zamani, inajulikana. Ya pili ilikuwa kitu kipya ambacho Lomax alijifunza Ulaya na alitaka kukifanya. Anakushonea mfuko ndani ya tumbo kwa utumbo wako mwenyewe, na kwa nje linabaki tundu dogo tu, kama la kifungo. Ukitaka haja, unachukua mpira mwembamba kama mrija, unaulowesha, unauingiza tunduni, unangoja uchafu umwagike kwenye beseni. Ukiutoa, tundu linajifunga. Hakuna mtu anayejua. Lakini mfuko wa ndani unaweza kuugua wenyewe. Hilo lilisemwa. Lilisemwa kwa Kiingereza.

Barasa alichagua ya pili. Alisema mke wake ni mtu wa kupokea wageni, hawezi kutembea amening’iniza choo kiunoni. Mimi nilikuwa hapo, na masikio yangu yalikuwa yanafanya kazi.

Lazima niseme ukweli, mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Nilinenepa. Mpira wangu niliuweka kwenye kikombe cha bati chenye kifuniko, umefungwa kitambaa cheupe, na Nafula ndiye aliyeuchemsha kila asubuhi kabla ya chai bila kukunja uso. Nilipanda basi mpaka Elburgon kununua kuni na sikutafuta choo kwanza. Kama hujawahi kuugua ugonjwa huu hutaelewa raha ya kufika mahali bila kuuliza choo kiko wapi.

Halafu mfuko ukaugua.

Ulianza kwa maji. Badala ya mara nne kwa siku, nikawa nauingiza mpira kila nikimaliza kufagia chumba. Kikatoka kitu chepesi, chenye damu, chenye harufu ya yai bovu. Homa ya jioni, viungo vinauma, tumbo limekaza upande wa kulia kama ngumi. Tukarudi Nairobi. Lomax akatazama ndani kwa taa yake ndogo, sista kando yake, akasema na Barasa. Safari hii nilimwangalia vizuri. Aliuliza jambo, akainua mkono mdomoni kama mtu anakunywa, akanitazama. Barasa akacheka kidogo, akatikisa kichwa, akagusa beji ya kwaya kwenye koti lake. Lomax akaridhika, akaandika dawa.

“Aliuliza nini pale?” nikamwuliza Barasa kwenye kituo cha reli.

“Umeze kila siku mpaka ziishe. Zikiisha utachukua nyingine.”

“Nimekuuliza aliuliza nini.”

“Mambo ya daktari. Panda, gari linaondoka.”

Vidonge vilikuwa vyeupe, na ukivimeza mdomo wote unakuwa na ladha ya msumari. Hata chai ilikuwa msumari. Lakini vilifanya kazi. Kabla ya juma kuisha maji yalipungua. Nikiacha, mwezi haupiti, ngumi inarudi. Nikavimeza tena. Nikaacha, ikarudi. Ikawa sasa nameza tu. Kupanda nilimeza, kupalilia nilimeza, kuvuna nilimeza.

Na nilikuwa napika. Ukiniuliza kama nakunywa pombe, nitakuambia sinywi. Sijawahi kukaa kwenye chungu na mrija pamoja na watu. Pombe yangu niliipima kwa harufu tu, kwa sababu ladha ya msumari ilikuwa imeniharibia ulimi, sikuuamini tena. Lakini siku za wageni wa heshima lazima umeze waone. Siku kama ya mahari ya mtoto wako. Kwa hiyo sasa umeelewa nilivyoanguka. Mimi sikuelewa. Nililala siku tatu nikifikiria chungu, kimea, maji, nani alipita karibu na jiko. Nilimshuku mpaka dada yangu, Mungu anisamehe, mwanamke aliyenitwangia wimbi la kimea bure.

Elburgon habari ilifika kabla lori halijapoa: mke wa Barasa alitia sumu kwenye chungu cha wakwe, ikamrudia.

Wekesa, kijana mwenyewe, hakukubali maneno hayo. Alikuja peke yake kabla ya mvua, akamchukua Nafula, wakaenda kukaa kwenye nyumba ya mbao karibu na mashine ya kupasua magogo. Bila mahari, bila baraka. Nafula alikwenda na sanduku moja na hakugeuka kunitazama, si kwa chuki, ila alijua akigeuka hataenda.

Mimi nikaendelea kumeza. Kwa nini nisimeze? Nani alikuwa ameniambia nisimeze?

Miguu ilianza kwa vidole. Kama nimevaa soksi ambayo siioni. Nikadhani ni baridi ya Julai. Julai ikaisha, soksi ikapanda mpaka kifundoni. Nilitembea kwenye kokoto za reli na sikuzisikia. Nikawa naangalia chini wakati wote nione mguu umekanyaga wapi. Siku moja nakaanga unga wa busaa juu ya bati, moto mkali chini, nageuza na koleo. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikageuza upesi nikidhani ni unga. Unga ulikuwa sawa. Nikatazama kila mahali. Ni kisigino changu. Kaa la moto lilikuwa limeanguka, na mimi nimelikanyaga, nimesimama juu yake nikikaanga, ngozi yangu ikichomeka na mimi nasikia kwa pua.

Sikulia. Nilikaa chini nikautazama mguu kama mguu wa mtu mwingine.

Jirani yangu wa landhi ndiye aliyesema niende kwa Daktari Sandhu, mama wa Kihindi mwenye kliniki mjini, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zile nilipanda nimeshika ukuta. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya kweli, si benchi, na dirisha linaonyesha watu wakipima vitambaa chini. Nilikuwa peke yangu. Barasa alikuwa zamu, na sikumwambia.

Daktari Sandhu alikuwa mnene, mfupi, na hakuwa na haraka. Alifunga kisigino kwanza. Kisha akachoma vidole vyangu kwa sindano na kuniuliza kama nasikia. Nikamwambia hata sindano siisikii. Akataka kuona dawa ninayomeza. Nikatoa karatasi ya dawa kutoka kifuani.

“Hii nakula muda gani, mama?”

“Tangu mvua za mwaka juzi. Naacha, narudi.”

“Nani nasema kula hii miaka mbili?”

“Daktari Lomax. Nairobi.”

Aliisoma karatasi tena. Kisha akasema, “Hii dawa ni mzuri. Lakini hii dawa, kama kula siku mingi sana, nakamata mshipa ya miguu. Yeye hapana ambia wewe?”

“Hakuniambia mimi kitu. Mimi hajawahi kuniambia kitu.”

“Na pombe? Wewe nakunywa?”

“Sinywi.”

“Hata kidogo?”

“Naonja, daktari. Mimi ni mpishi wa busaa. Wageni wakija lazima nivute kwanza wakiniona.”

Aliweka kalamu chini. “Ukivuta, nini natokea?”

Nilimweleza siku ya mahari. Joto, moyo, matapishi, viatu vya Makokha. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyotikisa kichwa, na kabla sijamaliza nilikuwa nimeshajua, mwili ulijua kabla ya kichwa. Nikamwambia asiseme. Akasema hata hivyo. Dawa ile na pombe hazikai ndani ya mtu mmoja. Kila daktari anajua. Ni kitu cha kwanza kuuliza, akasema, hakuna daktari anaweza kusahau kuuliza.

Nikakumbuka mkono wa Lomax ukipanda mdomoni.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ile ile isiyosikia. Barasa alikuwa ametoka zamu, anapukuchua mahindi kwenye gunia nje ya mlango. Sikukaa.

“Lomax alikuuliza kama nakunywa pombe.”

Akaendelea kupukuchua.

“Barasa. Alikuuliza?”

“Aliuliza.”

“Ukasema?”

“Nikasema hunywi. Kwani wewe unakunywa?”

“Akasema nini?”

“Akasema vizuri, kwa sababu hiyo dawa haitaki pombe.”

“Na hukuniambia.”

“Hunywi, Selina! Nikuambie nini? Nimwambie Mzungu kwamba mke wangu anapika pombe haramu kwenye nyumba ya serikali? Unataka nifukuzwe kazi?”

“Siku ya mahari ulisimama na jagi.”

Hapo mikono yake ilisimama.

“Ulijua,” nikasema. “Uliponiona naanguka ulijua ni dawa. Watu wanasema sumu, na wewe unajua.”

“Walikuwa wameshasimama.”

“Wangekaa.”

“Ningesema nini mbele ya wakwe? Kwamba mimi ndiye niliyefanya? Mwanaume anasemaje hivyo?”

“Kwa mdomo, Barasa. Anasema kwa mdomo.”

Huyo ndiye mume wangu. Sijamuacha. Watu wananiuliza kwa nini sijamuacha. Mtu mwenye tundu tumboni anakwenda wapi? Na yeye pia si mtu mbaya wa kupiga. Ni mtu anayependa kuonekana safi. Hao ni wagumu kuliko wanaopiga, kwa sababu huna alama ya kuonyesha watu.

Sasa ilikuwa lazima nichague, na kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kuna kuchagua. Daktari Sandhu aliniwekea mambo mezani kwa Kiswahili chake. Naweza kuendelea na vidonge, mfuko utulie, miguu iende, labda na mikono ifuate. Naweza kuviacha, nijaribu dawa nyingine na kuosha mfuko kwa maji ya chumvi kila siku, watu wengine wanapata nafuu na wengine hawapati. Naweza kurudi kisuni, mfuko wa ndani utolewe, nivae wa nje mpaka nife.

“Wewe ungefanya nini?” nikamwuliza.

“Mimi hapana chagua. Tumbo yako.”

Nilikasirika naye. Nilikuwa nimelia miaka yote kwamba sikuulizwa, na nilipoulizwa nikatamani mtu aniamulie. Nakuambia hili wewe unayesoma kwenye benchi lako: usishangae ukijiona hivyo. Kuulizwa kunatisha.

Nilijaribu maji ya chumvi kwanza. Mvua ndefu zote nilijiosha, nimechuchumaa nyuma ya nyumba na funeli na kikombe, nje kunanyesha na ndani ya tumbo kunanyesha. Sikutulia hata siku moja. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nikianza kupukuchua mahindi naacha katikati. Nikienda sokoni narudi bila nilichofuata. Siku tatu nzuri, nasema nimepona; ya nne damu. Barasa alipoona nakonda akasema nirudie vidonge.

“Afadhali miguu ife ganzi kuliko ule mfuko wa nje,” akasema. “Utalala wapi na kitu hicho?”

“Pale pale ninapolala.”

“Na mimi?”

“Wewe utachagua. Wewe unajua kuchagua.”

Kilichoniamua si yeye. Ni Nafula. Alikuja kuniona na mtoto mgongoni, mjukuu wangu wa kwanza, na nilipompokea mtoto nilipiga hatua moja ambayo mguu haukuifuata. Nikayumba. Nafula alimnyakua mtoto kabla sijaanguka naye. Alimfunga tena mgongoni, akafunga leso kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

“Makokha amemwona?” nikauliza, ili tuseme kitu.

“Amemwona. Anampenda.”

“Na wewe?”

“Hali chakula cha mkono wangu, mama. Nikipika anasema ameshiba. Anatembea mpaka kwa mke wa ndugu yake kunywa uji. Chai yangu akiigusa, anamwagia mbwa kwanza.”

“Ukamwambia nini?”

“Ningemwambia nini? Mimi ni mtoto wa chungu kile.”

Juma lile nilipanda gari la moshi.

Barasa alinifuata, sikumwita. Lomax alikuja miguuni pa kitanda, nywele zimeanza kuwa nyeupe, akamwelekea Barasa kama kawaida, akaanza. Nikapiga chuma cha kitanda kwa kikombe changu cha bati. Wodi yote iligeuka.

“Daktari, niko hapa,” nikasema. “Mgonjwa ni mimi. Sista, mwambie aongee na mimi, nawe unitafsirie neno kwa neno.”

Sista alisita, kisha akamwambia. Lomax akanitazama, nafikiri kwa mara ya kwanza kutoka shingo kwenda juu.

“Muulize kama alijua dawa inaua miguu.”

“Anasema inajulikana inaweza kutokea kwa watu wengine, wakiitumia muda mrefu.”

“Mimi ndiye watu wengine. Muulize kama alijua mfuko wake unaweza kuugua hivi.”

“Anasema ndiyo. Anasema alimweleza mume wako yote. Na dawa pia. Na pombe pia.”

Kila mtu akamtazama Barasa. Alikuwa anageuza kofia yake kwenye vidole.

“Mwambie,” nikasema, “mume wangu hana tundu tumboni.”

Sista hakulitafsiri hilo, au alilitafsiri kidogo tu. Nikasema nataka mfuko wa ndani utolewe, nivae wa nje, na Lomax akasema watanifanyia. Walinifanyia.

Sasa nina mfuko wa nje, wa mpira, na mkanda. Nimeshona vifuniko vya kitambaa vya maua, viwili vya kazi na kimoja cha Jumapili. Unanguruma kanisani wakati wa maombi, na mtoto wa Nafula alipousikia mara ya kwanza aliuliza kama bibi ana paka. Unachubua ngozi siku za joto. Ulimwagika mara moja sokoni na nilitaka kufa, kisha nikafika nyumbani nikaoga na sikufa. Homa haikurudi. Ngumi haikurudi. Kisigino kimeanza kusikia, vidole bado. Barasa analala upande wa ukuta. Ni yeye aliyehamia huko, lakini bado analala kitandani mwetu.

Na ulimi wangu umerudi. Ladha ya msumari imekwisha. Kwa wewe unayengoja kwenye benchi, sina la kukuambia kuhusu dawa ipi. Tumbo lako si langu. Nitakuambia tu wakianza kusema juu ya kichwa chako, piga chuma cha kitanda. Piga kwa chochote ulicho nacho.

Lomax amerudi kwao Ulaya. Anayemjua amsomee haya kwa Kiingereza, nataka kusikia atajibu nini: ulipoinua mkono wako mdomoni ukanitazama, ni nini kilichokuzuia kuniuliza mimi? Sista alikuwa pale. Lilikuwa swali la maneno matatu.

Lakini Lomax yuko mbali, na Makokha bado anamwagia mbwa chai ya mtoto wangu. Nimekwenda Elburgon mimi mwenyewe kumweleza. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, “Mama Nafula, jambo la boma husemwa na mwenye boma.” Hakukosea. Ndiyo desturi, mimi siipendi, lakini ndiyo.

Basi, Barasa, wewe Kiswahili unasoma vizuri. Nimeloweka kimea. Jumamosi busaa itakuwa tayari, na nimewaita watu wa Elburgon, na Wekesa ameahidi kumleta baba yake hata kwa kumbeba. Nitavuta funda la kwanza wakiniona, na safari hii sitaanguka. Lakini kabla sijagusa mrija, wewe utasimama mbele ya chungu, bila jagi, useme ni nini ulichoulizwa na ni nini ulichojibu. Daktari ulimjibu upesi, hata hukunitazama. Sasa mjibu Makokha.